Doa jeusi usilipe jina mapema

Niliwahi kupoteza mwezi mzima kwa ajili ya doa moja jeusi. Lilikuwa kwenye picha ya infraredi ya Spitzer, darubini ya angani, iliyopigwa kwenye urefu wa wimbi wa mikromita 8, katikati ya mwanga wa Njia ya Maziwa, kama wino uliomwagika. Nikaliandika papo hapo: wingu zito la vumbi baridi, mahali zinapozaliwa nyota kubwa. Hata masi yake nikaikadiria. Kisha nikafungua picha za Herschel, darubini nyingine ya angani, za sehemu ile ile, kwenye mawimbi marefu zaidi ya mikromita 250, 350 na 500. Hapakuwa na kitu.

Kwa hiyo nawasihi mnaoanza kazi hii: doa jeusi litazameni kwanza kwenye mawimbi marefu. Vumbi lenye halijoto ya kelvini 15 hadi 20 hung'aa zaidi kati ya mikromita 145 na 195 hivi. Kama wingu lipo kweli, lile lile linaloziba mwanga kwenye mikromita 8 litawaka kwenye 250. Likibaki jeusi kote, basi unatazama uwazi tu. Ndani ya NGC 1999, wingu linaloakisi mwanga wa nyota kwenye kundinyota la Orioni, kuna doa lililodhaniwa kwa miaka mingi kuwa wingu zito, mpaka mwaka 2010 Herschel ilipoonyesha kuwa ni tundu.

Kuna weusi mwingine, na huu unatoka upande wa pili kabisa. Kwenye maeneo angavu mno kama M17, wingu linalozaa nyota, kigunduzi cha Spitzer cha mikromita 24 kilizidiwa na mwanga, na pikseli zake zikaachwa tupu. Ukifungua picha bila kujua hilo, kitovu chenye nyota changa na vumbi la moto kuliko yote utakiona kama shimo. Hapo tafuta data za SOFIA, ile ndege ya Boeing 747 iliyobeba darubini ya mita 2.7 hadi mwaka 2022. Zinapatikana bure, na mimi nimezitegemea sana.

Ukishathibitisha kuwa wingu lipo, usikimbilie kupima halijoto. Picha ya Herschel ya mikromita 500 ina ukungu wa takriban sekunde 36 za tao, ile ya 70 ina ukungu mdogo zaidi mara kadhaa. Zitie ukungu zote zilingane na ile yenye ukungu kuliko zote, la sivyo kingo za wingu zitakupa halijoto za uongo zinazopendeza macho. Angalia vipimo pia: picha za Herschel za mikromita 250 hadi 500 hutolewa kwa jansky (kipimo cha nguvu ya mwanga unaopokelewa) kwa kila mwali wa darubini au megajansky kwa steradiani (kipimo cha eneo la anga), na kuvichanganya kunaharibu kila hesabu inayofuata.

Kuhusu gesi, kumbuka kuwa masi yake mara nyingi tunaikisia kutokana na vumbi, kwa kudhani gesi ni mara 100 ya vumbi. Na picha ya infraredi haisemi kama unaona wingu moja au mawili yaliyopangana. Tafuta kasi zake kwenye mistari ya redio ya kaboni monoksidi au amonia. Umbali mara nyingi tunaukadiria kutokana na kasi hizo; bila kasi, ni wa kubahatisha, na masi vilevile.

Doa langu nililifuta kwenye orodha. La jirani yake, nililolipuuza kwa sababu weusi wake haukuvutia, ndilo lililowaka kwenye mikromita 250, na kwenye 24 kuna nukta moja angavu katikati yake.