Gari la pili la masika na bima yake

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza hivi: mtu mwenye gari zuri, anayeishi hapa Dar es Salaam kwenye mtaa wa barabara ya udongo, akitaka kununua gari la pili la bei nafuu kwa ajili ya masika, achague lipi na alikatie bima gani? Mimi naishi Goba, na huu ni mwaka wa nne nina gari la namna hiyo. Jibu langu ni kwamba anunue gari lililoinuka ambalo hata likimfia hatafilisika, alikatie bima ndogo (ile inayomfidia tu utakayemgonga), na fedha atakayookoa aiongezee kwenye bima kubwa (inayolilinda na gari lenyewe) ya lile gari zuri, ambalo wengi wetu huacha kulilinda kwa kuwa tu linashinda uani.

Nimefika hapo kwa kukosea kwanza. Wakati huo nilikuwa na gari moja tu, IST, na jioni moja ya Aprili nilikuta maji yametanda kwenye barabara ya ndani Mikocheni. Nikaona daladala imepita, nami nikafuata. Katikati tukapishana na daladala nyingine, wimbi lake likapanda hadi kwenye taa zangu, na injini ikazima. Niliwasha mara tatu. Mara ya tatu ukasikika mgongano mmoja wa chuma, kisha kimya. Kesho yake fundi alipofungua eya klina yalimwagika maji ya kahawia yanayojaza vikombe viwili, na jani la mwarobaini lilikuwa limenata kwenye kichujio. Alinieleza kwamba injini imeundwa kukandamiza hewa, na kwa kuwa maji hayakandamiziki, kitu cha kupinda kilikuwa mkono wa pistoni. Laiti ningeacha ufunguo na kusukuma gari hadi pakavu, maji yangeweza kutolewa kupitia matundu ya plagi na pengine injini ingepona.

Nilikuwa na bima kubwa, nami nikaenda kwa kampuni yangu nikiwa na uhakika wa kulipwa. Ofisa alifungua mkataba ambao nilikuwa nimeutia saini bila kuusoma, akanionyesha kwamba mafuriko yalikuwa kipengele cha ziada ambacho mteja hukiomba na kukilipia, nami sikukiomba. Halafu akaniuliza kwa upole kama niliwasha tena baada ya injini kuzima. Nilitoka pale nikijua kwamba jina la “bima kubwa” halitoshi kumtuliza mtu.

Kuhusu gari lenyewe, watu huanza na kuuliza kama linavuta kwa magurudumu yote manne. Mimi ningeanza na kimo. Vitz na IST zimeinuka kiasi cha sentimita 15 hivi kutoka ardhini, ilhali Escudo, RAV4 za zamani na Terios pamoja na pacha wake Cami zinakaribia 20. Sentimita hizo tano ndizo zinazoamua kama tumbo la gari litakwama kwenye mfereji uliochimbwa na mvua ya usiku. Kuvuta kwa magurudumu manne kunasaidia kupanda mlima wenye tope, na huku kwetu milima ipo, lakini hakusaidii kufunga breki wala kuvuka maji, na kila difu ya ziada (sanduku la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu) ina gharama yake. Gari la kawaida lenye tairi nne mpya zenye meno litakufikisha mbali kuliko Escudo yenye vipara. Tena, kimo kisimpe mtu kiburi: maji ya sentimita 30 yanayokwenda kasi yanaweza kulielesha na kulisogeza gari dogo, na mwenye kuijua Jangwani wakati mto Msimbazi umefurika hahitaji kuambiwa zaidi.

Ukinunua gari la mkononi, hata kama ni namba B au C (yaani lililosajiliwa miaka mingi iliyopita), usiliendee Juni bila tahadhari, kwa sababu mwezi huo ndipo yanapouzwa yale yaliyozama Aprili. Dalali atakuwa ameliosha, ameweka na manukato. Wewe inua zulia upande wa dereva ushike sifongo la chini, toa tairi la akiba uangalie kama kuna mchanga, kisha vuta mkanda wa kiti hadi mwisho, maana mstari wa tope hubaki kwenye sehemu ya mkanda ambayo mwoshaji haifikii. Mwambie fundi wako afungue difu. Mafuta yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, rudi nyumbani. Angalia pia kwa namba ya gari kama linadaiwa faini za trafiki au ada za maegesho, na hamisha umiliki TRA, mamlaka ya mapato, mara moja, kwani kudai bima kwa kadi yenye jina la mtu mwingine ni kujitafutia safari zisizoisha.

Sasa hesabu ya bima. Bima ndogo, yaani ya mtu wa tatu, ni ya lazima kisheria, na kwa Escudo yangu nililipa shilingi 118,000 pamoja na VAT. Hiyo humfidia utakayemgonga. Gari lako mwenyewe hailigusi, lizame au liibiwe. Bima kubwa nilipigiwa hesabu kwa asilimia 3.5 ya thamani ya gari, ambayo kwa gari la milioni 9 ni shilingi 315,000, na ukiongeza VAT ya asilimia 18 inakuwa 371,700. Tofauti ya zaidi ya laki mbili na nusu kila mwaka, kwa gari linaloshuka thamani na ambalo kampuni nyingine husita kulipokea kwa uzee wake, mimi naona haistahili. Naiweka kwenye gari zuri, na humo naomba kipengele cha mafuriko kiandikwe wazi, pamoja na kiasi nitakachochangia mwenyewe kabla ya kulipwa. Wala nisingeshauri mtu akate bima ya miezi ya masika tu: mafuriko makubwa ya mwaka 2011 yaliukumba mji huu Desemba, na ukuta wa jirani haungoji msimu ili uangukie gari lililoegeshwa.

Kabla ya kumwamini wakala, ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, uhakikishe kwamba bima yako inaonekana. Ni kazi ya dakika mbili kwenye simu, na mimi huifanya nikiwa bado nimekaa mbele yake, hata akinuna.

Mwaka huu Escudo imepata tairi mbili mpya na mipira ya waipa kabla ya Machi. Maji yakifunika daraja dogo la mtaani kwetu, nayo inabaki uani kando ya mwenzake, nami napiga simu kazini kwamba nitachelewa.

Msomaji wenu,
Goba, Dar es Salaam