Maswali ya wafugaji: silki wako ni tembe au pora?

Barua nyingi safari hii zinahusu silki, kuku wa mapambo wenye manyoya laini, ngozi nyeusi na vidole vitano. Zinazofanana tumezijibu pamoja.

Nimenunua vifaranga kumi wa silki, muuzaji akaniapia kuwa wanane ni majike. Wana miezi miwili na bado siwatambui. Jirani anasema nifungue mbawa, nipime urefu wa manyoya. (Msomaji, Ngamiani, Tanga)

Aliyekuapia alikuuzia bahati nasibu. Kupima mbawa kunafaa kwa vifaranga wa kiwandani waliopandishwa makusudi, baba wa ukoo unaoota manyoya haraka na mama wa ukoo unaochelewa. Silki hawakuandaliwa hivyo. Kufunua njia ya haja siku ya kwanza kunataka mkono uliofundishwa. Asiyejua huishia kukiumiza kifaranga.

Usimtazame kuku mmoja peke yake, walinganishe waliototolewa siku moja. Kuanzia miezi mitatu angalia upanga, ile nyama ya juu ya kichwa. Wa pora, yaani jogoo mchanga, hupanuka na kuvimba; wa tembe, yaani jike changa, hubaki mdogo, umefichwa na kishungi cha manyoya. Usisubiri wekundu: upanga wa silki ni wa zambarau iliyoiva, karibu na weusi, na hapo ndipo wengi hupotea. Kwenye miezi mitano tazama kishungi chenyewe. Cha tembe ni duara kama mpira; cha pora hutoa nyuzi ndefu zinazolala kuelekea kisogoni. Hata hivyo, pora mnyonge anayeishi chini ya jogoo mbabe huweza kuchelewa kuwika na kufanana na jike kwa muda mrefu. Uhakika kamili ni kuwika au yai, na silki wengine hufika miezi minane bila hata kimoja. Kwa hiyo bei ya tembe ilipwe kwa tembe anayejulikana, kifaranga alipiwe bei ya kifaranga.

Shikamooni wataalamu. Jogoo wangu wa silki nilimpandisha kwa mitetea ya kienyeji. Vifaranga wote wameota manyoya ya kawaida, tena wengine wana ngozi nyeusi na wengine hawana. Watu wanasema jogoo ni wa bandia. (Msomaji, Kaole, Bagamoyo)

Marahaba. Jogoo wako hana kosa. Kinasaba cha manyoya ya hariri hujificha: kifaranga lazima akipate kwa baba na kwa mama ndipo kionekane. Uzao wa kwanza wote utakuwa na manyoya ya kawaida, ingawa kishungi na kidole cha tano kwa kawaida hujitokeza mapema. Mpandishe tembe wa uzao huo kwa jogoo wa silki asiye baba yake, na takriban nusu ya watoto watakuwa na hariri. Ukiwapandisha chotara kwa chotara utapata robo tu, tena kwa gharama ya undugu.

Hilo la ngozi ni zuri zaidi, maana limekupa njia ya kutambua jinsia bila kujua. Kuku wa kienyeji mwenye miguu ya njano au ya rangi nyeupe hubeba kinasaba kinachozuia weusi kuenea kwenye ngozi, nacho kinakaa kwenye kromosomu ya jinsia. Kwa kuku, mama humpa kromosomu hiyo mtoto wa kiume, si binti. Basi jogoo wa silki kwa mtetea wa miguu ya njano huzaa mabinti weusi na madume yaliyofifia. Bateson na Punnett wa Uingereza walieleza urithi huu mwaka 1911, wakitumia silki na kuku wa kahawia wa aina ya Leghorn. Ukigeuza, mtetea wa silki kwa jogoo wa kienyeji, wote hufifia na hutambui kitu. Na mtetea akiwa na miguu ya kijivu au ya kijani, usitegemee njia hii.

Nina jogoo na mtetea, wote wa buluu. Mbona nimepata weusi, na weupe wenye madoa? (Msomaji, Muheza)

Buluu ya silki ni weusi uliopunguzwa na nakala moja ya kinasaba; nakala mbili humfanya mweupe mwenye madoa ya kijivu. Buluu kwa buluu hutoa robo weusi, nusu buluu, robo wenye madoa, ingawa katika mayai manane hesabu inaweza kwenda kombo. Ukitaka buluu watupu, mpandishe mweusi kwa mwenye madoa. Weupe kabisa usiwaingize humo: weupe wao hufunika rangi nyingine, na hujui utakachofunua. Wapo pia wanaouza buluu kwa jina la lavenda, rangi nyingine inayofanana nayo. Lavenda kwa lavenda huzaa lavenda tu, kwa hiyo ulizia watoto wa kuku huyo kabla ya kutoa pesa.

Mayai mengi hayana mbegu. (Wasomaji wawili, Tanga)

Punguza kwa mkasi manyoya yanayozunguka njia ya haja, kwa jogoo na kwa mtetea, maana huzuia kukutana. Jogoo mmoja awe na mitetea mitano au sita. Mayai yasikae zaidi ya siku saba kabla ya kuatamiwa. Mpe mtetea mayai yake sita hadi manane. Akikazana kuatamia, mwekee hata ya bata.

Kifaranga amepinda shingo, anarudi kinyumenyume. (Msomaji, Pongwe)

Hesabu kwanza ni wangapi. Akiwa mmoja, huenda amedonolewa kichwani: silki wengi wana uwazi juu ya fuvu, ubongo umefunikwa na ngozi tu. Mtenge, mnyweshe kwa mkono, mpe vitamini E pamoja na chakula chenye madini ya seleniamu kidogo, na usikate tamaa wiki ya kwanza. Wakiwa kadhaa, wanahema kwa shida na kuharisha kijani, huo ni mdondo (ugonjwa wa Newcastle). Mwite ofisa mifugo siku hiyo hiyo, usiuze wala kugawa kuku. Chanjo ya mdondo iitwayo I-2 ni tone moja jichoni, hurudiwa kila miezi mitatu. Ya Mareksi, ugonjwa unaowaandama sana silki, hutolewa siku ya kwanza, kwa hiyo muulize mtotoleshaji kabla ya kununua. Na masika haya wasinyeshewe: manyoya yao hunyonya maji, hayamwagi, na kifaranga aliyelowa usiku hafiki asubuhi.