Kutazama ndege peke yako: kwanza miguu, halafu macho

Umeuliza kama ni salama kwenda kutazama ndege peke yako alfajiri, na ujihadhari na nini zaidi. Nenda, ila mwachie mtu ujumbe: unaelekea wapi na utarudi saa ngapi. Simu iwe na chaji.

Najua unawaza nyoka. Mimi nahofia zaidi kutembea ukiwa na darubini machoni. Unaona manyoya ya ndege moja moja, lakini shimo lililo mbele ya kiatu chako hulioni. Ndege akirukia tawi jingine, mwili humfuata wenyewe, na hapo ndipo watu huteguka kifundo au kutumbukia mtoni. Simama, tazama, shusha darubini hadi kifuani, ndipo upige hatua. Akiruka kuelekea jua, mwache aende! Jua kupitia lenzi linaweza kuharibu jicho moja kwa moja, tena bila maumivu ya kukushtua.

Kwenye nyasi ndefu chomeka suruali ndani ya soksi. Ukirudi nyumbani jikague nyuma ya magoti, kwapani na kinenani. Ukikuta kupe, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, umvute taratibu bila kumzungusha. Usimpake mafuta wala kumchoma.

Ukisikia radi, ingia kwenye jengo imara au gari lililofungwa, usijikinge chini ya mti. Subiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho, hata kama mvua imekatika na ndege wameanza kulia.