Difyuza Yangu ni Dumu la Maziwa

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Kaka, hiyo difyuza ya flashi umeinunua wapi?" Nilicheka peke yangu. Difyuza, yaani kile kifuniko cha kulainisha mwanga wa flashi, sikuinunua popote. Ni dumu tupu la maziwa na mkasi.

Dumu hilohilo liliwahi kuniaibisha. Tulikuwa kundi la wapiga picha za wadudu, mimi nimelala kifudifudi mbele ya mbawakawa mweusi, jamaa mmoja mwenye begi zito la vifaa akaniuliza kwa sauti kama nimekuja kupiga picha au kuteka maji. Wote wakaangua kicheko. Ni zamani, lakini sijasahau.

Wasichojua ni kwamba nilifika kwenye dumu baada ya kuhangaika sana. Nilianza na tishu, nikaibandika kwa selotepu kwenye uso wa flashi. Picha ikafifia, lakini mgongoni mwa mbawakawa kile kidoa cheupe kikali kikabaki, utadhani katoneshewa rangi. Nikaongeza tishu ya pili, ya tatu. Giza likazidi, kidoa palepale! Kumbe nilikuwa napunguza mwanga tu, siulainishi. Mwanga hulainika pale chanzo chake kinapokuwa kikubwa machoni pa kile unachokipiga. Jua ni kubwa mno, lakini kwa umbali lilipo tunaliona kama kisahani, ndiyo maana vivuli vyake ni vikali. Likija wingu, anga nzima inageuka taa.

Basi nikakata ubavu wa dumu, nikatoboa tundu la kupitisha mdomo wa lenzi, plastiki ikainama mbele kama ukingo wa kofia, sentimita chache tu juu ya mdudu. Kutoka kwenye flashi hadi hapo nikaunganisha bomba la kadibodi nililolibandika karatasi ya alumini kwa ndani. Kidoa kikatanuka kikawa wingu jepesi, na kwa mara ya kwanza nikaona vishimo vidogo vilivyojipanga mistari kwenye mbawa zake. Nilikaa naikuza ile picha hadi usiku.

Unapoteza mwanga, kwangu kama stopu mbili, yaani hubaki kama robo tu, kwa hiyo ongeza nguvu ya flashi. Mimi hubaki kwenye tundu la lenzi la f/11 na kasi ya 1/200 ya sekunde. Plastiki isigusane na flashi. Langu la kwanza lilijikunja kwa joto na kunuka. Tena iwe nyeupe kabisa, maana yenye rangi itakupaka picha nzima. Na narudia: kubwa, na karibu. Ndugu zangu, mnakimbilia kununua kabla hamjajua mnatafuta nini, halafu mnalaumu kamera. Kaeni na mwanga kwanza, mwoneni mdudu huyo mmoja vizuri.

Dumu la sasa limeanza kupasuka pembeni ya tundu. Jingine liko kwenye friji, bado lina maziwa nusu.