Mwachie Mungu Kisasi, Haki Yako Idai

Ukidhulumiwa, watu watakuambia "mwachie Mungu." Utaambiwa na mama mkwe, na mzee wa kanisa, na jirani anayeanika nguo uani. Mimi niliambiwa mara nyingi sana mwaka nilioachishwa kazi kwa tuhuma ya wizi ambao sikuufanya. Ushauri huo ni wa kweli na mimi mwenyewe nimeutegemea. Ila wengi walionipa walimaanisha ninyamaze, nikae nyumbani, nisubiri. Nimeandika haya kwa ajili ya yule anayesubiri sasa hivi huku siku zake zinakwisha bila yeye kujua.

Nilikuwa mtunza stoo katika duka la jumla la vifaa vya ujenzi hapa Mwanza. Mabati, nondo, rangi, misumari, saruji. Kila kilichoingia nilikiandika kwenye leja, na hakuna kilichotoka bila karatasi yenye saini. Mali ilipohesabiwa saruji ikapungua. Stoo ile ilikuwa na funguo mbili, mmoja kwangu na mmoja kwa ndugu wa tajiri, mwenye duka. Niliitwa ofisini asubuhi, nikaambiwa nikabidhi funguo, nikapewa barua ya mistari michache: nimeachishwa kwa upotevu wa mali. Mshahara wa mwezi ule ukazuiwa kufidia hasara. Hakuna kikao kilichokaa, na leja yangu hakuna aliyeifungua.

Pesa iliuma, maana kodi ya nyumba haisubiri mtu. Jina liliuma zaidi. Mwanza ni jiji kubwa, lakini wafanyabiashara wa vifaa vya ujenzi wanajuana wote, na kila duka nililobisha hodi lilikuwa limeshapata habari zangu. Kisha likaja la kanisani. Nilikuwa mweka hazina wa kwaya, na mtu mmoja akapendekeza kwa upole kabisa kwamba kisanduku kikae kwanza kwa mwingine mpaka mambo yatulie. Nilikubali, nikaenda nyumbani, nikalia kuliko nilivyolia siku ya barua.

Hapo ndipo ushauri wangu wa kwanza unapoanzia: usimletee Mungu maneno ya heshima ambayo moyo wako hauna. Tumezoea kuomba kama tunasoma risala mbele ya mgeni rasmi. Watunzi wa Zaburi hawakuomba hivyo. Asafu, katika Zaburi ya 73, anasema miguu yake ilikuwa karibu kuteleza alipowaona wabaya wananenepa na kustarehe huku yeye aliyejitakasa anapigwa kila asubuhi. Alimwambia Mungu hayo hayo, na Mungu hakumfukuza. Hana, mama yake Samweli, aliomba kwa uchungu mpaka kuhani Eli akadhani amelewa. Nami usiku nilimwambia Mungu jina la yule tajiri, nikamwambia alichonifanyia, na nikamwambia nilichotamani kimpate. Sikupamba. Naamini hasira ikimwagwa mbele za Mungu ina usalama kuliko ikimwagwa sokoni, au juu ya watoto.

Wengine walinitafutia njia yao. Mama mmoja ninayemheshimu alinielekeza kwa mganga ambaye, alisema, angemvimbisha tumbo mwizi halisi mpaka akiri. Wiki hizo hizo nikaalikwa kwenye mkesha ambapo watu huandika majina ya adui zao kwenye karatasi, karatasi zikachomwa, na umati ukapaza sauti kwamba wateketee kwa moto. Nilikataa vyote viwili. Najua ninachosema kitawaudhi baadhi ya wapendwa, lakini sioni tofauti kati ya kumlipa mganga amdhuru mtu na kumsihi Mungu amdhuru kwa kelele za usiku kucha. Paulo aliwaandikia Warumi: "Kisasi ni juu yangu mimi, mimi nitalipa, anena Bwana." Nikishampangia Mungu siku, namna na kiasi cha adhabu, kisasi bado ninacho mimi mkononi.

Na kuna kisasi cha kimya ambacho watu wa kanisani tunakiruhusu. Tunasema "malipo ni hapa hapa duniani," halafu tunakaa tukiangalia kama malipo yamefika. Wenzangu wa zamani walianza kuniletea habari: lori la tajiri limeharibika njiani, mteja mkubwa amemkimbia, kuna mtoto anaumwa. Hiyo ya mtoto ndiyo iliyonishtua. Niliwaomba wasiniletee tena habari za nyumba ile, na nikawaambia wazi kwamba sitaki kufurahia homa ya mtoto. Kama una marafiki wa namna hiyo, waombe mapema. Wanafanya kwa kukupenda, lakini wanakufunga kwa mtu ambaye unajaribu kumwachilia.

Mchungaji wangu ndiye aliyenisomea habari ya Daudi katika pango la Engedi, 1 Samweli 24. Mfalme Sauli anamwinda, anaingia pangoni peke yake, watu wa Daudi wanamnong'oneza kwamba hii ndiyo siku ambayo Bwana amemtia adui mkononi mwake. Daudi anakata upindo wa vazi tu, na hata kwa hilo moyo unamchoma. Hadithi hii tunaisikia sana katika mahubiri, na mara nyingi inaishia hapo. Mchungaji aliendelea kusoma. Daudi anatoka pangoni, anamwita Sauli kwa sauti mbele ya majeshi, anainua kile kipande cha nguo kama kielelezo, anasema hana hatia na kwamba Bwana ndiye atakayeamua kati yao. Saa ile ile aliyokataa kumwua Sauli, alisimama akajitetea. Nilikuwa nimefundishwa nusu ya kwanza tu.

Nikaanza kuona jambo hilo kila mahali katika Maandiko. Paulo na Sila walipigwa bakora kule Filipi bila kuhukumiwa. Asubuhi mahakimu wakatuma watu wawatoe kimya kimya, Paulo akakataa: sisi ni raia wa Rumi, tumepigwa hadharani, waje wenyewe watutoe. Baadaye huko Kaisaria alikata rufani kwa Kaisari. Huyu ndiye yule yule aliyeandika kwamba kisasi tumwachie Mungu. Yule mjane wa Luka 18 naye alikuwa anamwendea kadhi mbaya kila mara na ombi moja, "Nipatie haki na adui wangu," na Yesu alimtoa kuwa mfano wa mtu anayeomba bila kukata tamaa. Hata Yusufu gerezani alimwomba mnyweshaji amtaje kwa Farao, akamweleza kwamba hakutenda kosa lililomtia mle.

Ndugu mmoja wa jumuiya yetu, ambaye alikuwa kiongozi wa chama cha wafanyakazi kazini kwake, aliniuliza swali ambalo hakuna mwingine aliyeniuliza: "Barua yako ina tarehe gani?" Alinieleza kwamba anayepinga kuachishwa kazi anatakiwa apeleke mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, wengi tunaiita CMA, ndani ya siku 30 tangu alipoachishwa. Migogoro mingine ina siku 60. Ukichelewa lazima uombe kuongezewa muda na utoe sababu ya kueleweka, na kusema nilikuwa nafunga na kuomba hakutoshi. Nilikuwa bado ndani ya muda. Nafikiria mara nyingi ni wangapi wamekosa haki yao kwa sababu waliowazunguka waliwaambia wasubiri tu.

Niseme kidogo kuhusu sheria, kwa kuwa inawahusu wengi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri awe na sababu halali ya kumwachisha mtu na afuate utaratibu wa haki. Kanuni za mwaka 2007 zinasema mfanyakazi anayetuhumiwa apewe muda wa kujiandaa usiopungua saa 48 kabla ya kikao, na anaweza kuja na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama amsaidie. Mshahara nao haukatwi hivi hivi kufidia hasara: mwajiri anapaswa kukueleza kwa maandishi hasara ni nini na kiasi gani, akupe nafasi ya kupinga, na hata hapo makato hayazidi robo ya mshahara. Na unapoondoka, hata kama mmegombana, unastahili cheti cha utumishi. Nilipoyasikia haya nilishangaa jinsi yanavyofanana na tulichokuwa tunaomba kanisani. Nilikuwa naomba nisikilizwe, na kumbe kusikilizwa kumeandikwa tayari. Sioni aibu kusema Mungu alinijibu kupitia fomu ya serikali.

Tukaenda kwenye usuluhishi. Usiku wa kuamkia siku hiyo familia ilinikalisha chini. Kaka zangu walitaka niseme wazi kwamba aliyeiba ni yule ndugu wa tajiri mwenye ufunguo wa pili. Kwao lilikuwa jambo la wazi, na huenda walikuwa sahihi. Lakini sikumwona. Nilichokijua ni kwamba mimi sikuiba, na kwamba leja yangu ilikuwa sawa mpaka siku ya mwisho niliyoiandika. Nani alichukua, sikujua. Petro anaandika kuhusu Bwana Yesu kwamba alipotukanwa hakurudisha matukano, "bali alijikabidhi kwake yeye ahukumuye kwa haki." Nilikaa na mstari huo mpaka karibu alfajiri. Kwangu kumtumaini Mungu kulikuja kuwa jambo dogo na gumu: kusema nilichokijua, nisiongeze hata neno moja ambalo lingenisaidia.

Mbele ya msuluhishi tajiri alisema mengi. Zamu yangu ilipofika nilieleza kazi yangu ilivyokuwa, nikasema stoo ilikuwa na funguo mbili, nikaomba leja iletwe. Niliulizwa namshuku nani. Nikajibu sikumwona mtu, siwezi kumtaja. Kaka yangu aliyekuwa ananisubiri nje alinilaumu baadaye. Mimi nililala vizuri usiku ule.

Tulifikia makubaliano. Nililipwa mshahara uliozuiwa, malipo ya notisi na ya likizo, nikapewa cheti cha utumishi. Sikuombwa radhi. Hakuna aliyesimama popote kutangaza kwamba sikuiba. Najua shuhuda nyingi huishia na mtu kupata mara mbili ya alichopoteza na adui kuja kupiga magoti, na Mungu anaweza kufanya hivyo. Kwangu hakufanya, wala sijaona kwamba amenipunja. Niliajiriwa tena baada ya kuhangaika, katika duka dogo zaidi na kwa mshahara mdogo zaidi. Kisanduku cha kwaya kilirudi kwangu bila maneno mengi. Yusufu alikuwa na miaka 17 ndugu zake walipomwuza, na miaka 30 aliposimama mbele ya Farao. Hapo katikati mnyweshaji alimsahau miaka miwili mizima. Anayekuambia ukiamini sana jambo litaisha kesho anakutwisha mzigo ambao Yusufu mwenyewe hakutwishwa.

Kuhusu kusamehe sina njia ya mkato. Nilianza kumwombea yule tajiri kwa jina, maneno machache, siku nyingine kwa kujilazimisha. Niliomba apate heri, apone na aijue kweli. Tukikutana mjini namsalimia. Sijarudi kufanya kazi kwake, na singerudi hata angenibembeleza, kwa sababu kumsamehe mtu hakunilazimishi kumkabidhi tena jina langu. Jirani yangu Mwislamu, mama mtu mzima aliyekuwa ananiletea uji wa watoto siku zile, aliniambia wao wamefundishwa kuiogopa dua ya aliyedhulumiwa, maana haina pazia kati yake na Mwenyezi Mungu. Neno hilo lilinitia nguvu, kisha likanitisha. Kama dua yangu inafika bila pazia, basi niangalie sana ninachoomba.

Sasa nina ombi kwa ninyi mnaokaa karibu na mtu aliyedhulumiwa. Msimpe mstari wa Biblia mkaondoka. Muulizeni barua ina tarehe gani. Muulizeni kama ana nakala ya mkataba na hati za mshahara, na kama kuna mtu wa kwenda naye, maana kukaa peke yako kwenye benchi la ofisi usiyoijua kunakatisha tamaa. Pelekeni unga na mafuta kabla hajaomba. Kama anashika pesa au funguo za jumuiya, mwacheni aendelee kuzishika mpaka kosa lithibitishwe. Na mkikutana kuomba kwa ajili yake, mwacheni naye aombe kwa maneno yake mwenyewe, hata yakiwa makali kwa masikio yenu.