Anayekuuzia Bima Anamfanyia Nani Kazi?

Nimeuza bima za magari Dar es Salaam miaka saba: minne nikiwa wakala mwenye meza, mwavuli na printa kando ya barabara, mitatu ndani ya ofisi ya dalali. Wanaonunua gari la kwanza karibu wote walianza na swali la bei. Sikumbuki aliyewahi kuniuliza mimi ni mtu wa nani.

Wakala ni mtu wa kampuni. Ana mkataba nayo, inampa kamisheni, anauza bidhaa zake. Hilo si kosa. Kama unataka bima ndogo tu, ile inayolipa uliowagonga na si gari lako, wakala wa mtaani kwako anatosha kabisa. Kwa gari dogo binafsi, bei tuliyoizoea ni 118,000, yaani laki moja na VAT ya asilimia 18 juu yake. Ukipata wa kukuuzia elfu hamsini, hiyo stika ikague mara mbili.

Bima kubwa, ile inayolipa na gari lako pia, ndiyo yenye mambo. Sisi tulikuwa tunaanzia asilimia 3.5 ya thamani ya gari, kwa hiyo gari la milioni 20 ni laki saba kabla ya VAT. Kwa pesa hiyo, tafuta dalali. Dalali humwakilisha mteja: anachukua maelezo yako, anayapeleka kwenye kampuni kadhaa, na ajali ikitokea yeye ndiye anayefuatilia madai. Ila usimwone malaika, naye hula kamisheni ya kampuni. Dalali mvivu ana kampuni yake moja anayopeleka kila mtu. Mwambie akuonyeshe bei tatu kwa maandishi, na kwenye kila moja ukaangalie eksesi, kile kiasi utakachobeba mwenyewe siku ya ajali. Bei ikiwa ndogo mno, mara nyingi eksesi ndiyo imenenepa.

Benki nazo siku hizi ni mawakala. Ukikopa gari, afisa mikopo anakusainisha bima humohumo kwenye rundo la karatasi. Muulize jambo moja: gari likiteketea, nani analipwa kwanza? Ni benki. Wewe unapata kinachobaki, kama kipo.

Sasa lile linaloniuma. Nikiwa wakala alikuja kaka mmoja na Noah. Nilijua inabeba abiria, maana nilishaipanda. Kwenye fomu nikaandika "matumizi binafsi", kwa sababu yeye alitaka bei ishuke na mimi nilitaka kamisheni ya siku hiyo. Ilipopinduka ikiwa na abiria, kampuni ikakataa kulipa: gari limetumika kinyume na ilivyoandikwa. Akanifuata mezani. Nilimwambia nini? Niliandika barua moja ya kuomba huruma, haikujibiwa. Sahihi kwenye fomu ilikuwa yake, mwandiko wangu.

Kwa hiyo fomu jaza mwenyewe, hata kama wakala ana haraka na foleni ni ndefu. Kabla ya kulipa, omba kuona usajili wake wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, na utazame tarehe, maana huisha muda wake. Lipa kwa namba ya malipo au akaunti ya kampuni, si kwenye simu ya mtu. Ukishapata stika, ingiza namba yake kwenye mfumo wa TIRA ukiwa bado umesimama pale pale, uone namba ya gari, aina ya bima na tarehe. Ni dakika mbili.

Na kampuni ikikukatalia, dai sababu kwa maandishi. Ukiwa na barua hiyo unaweza kwenda TIRA au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Ukienda na maneno matupu utazungushwa.

Yule kaka wa Noah alinunua nyingine. Bima yake alichukua kwa dalali, na si yule niliyekuja kufanya naye kazi.