Kwa Mnaoanza Kuhesabu Bakteria Kwenye Juisi

Wadogo zangu, juzi nilipita maabara nikamkuta mmoja wenu akiandika daftarini kwamba E. coli, bakteria wa utumbo, "wameisha" katika juisi ya karakara siku ya tatu, na mbele yake sahani ya MacConkey (agari, yaani ute ulioganda wa kuoteshea bakteria, yenye chumvi za nyongo) imebaki tupu kama sinia ya pilau baada ya harusi. Nilicheka, kisha nikakosa raha, kwa sababu sentensi ile niliwahi kuiandika mimi.

1. Pimeni pH (kipimo cha asidi; ikishuka, asidi ni kali zaidi) ya kila chupa wenyewe, kwa maana karakara huwa karibu na 3, embe huzunguka 4, na tikitimaji hupita 5, kiasi kwamba humo Salmonella, bakteria wa kuharisha, huzaana badala ya kupambana na kifo.

2. Tikiseni chupa kabla ya kuchota sampuli.

3. Sahani tupu si cheti cha kifo. Nilipokuwa nikifanya utafiti wa uzamili hapa Nairobi, nilinunua karakara Marikiti, nikakamua, nikachemsha juisi, kisha nikapandikiza bakteria rafiki, Lactobacillus plantarum, katika chupa moja (tangu 2020 huitwa Lactiplantibacillus, ingawa vibandiko vya friji yetu bado havijaambiwa) na aina ya E. coli isiyo na madhara katika nyingine. Hao wa pili niliwaotesha moja kwa moja kwenye MacConkey. Siku ya tatu haikuota hata koloni moja, nami, kwa furaha ya mtu aliyechoka na tasnifu, nikaushusha mstari wa grafu hadi sifuri. Nilipowasilisha matokeo mbele ya idara, msimamizi wangu, mzee asiyewahi kupaza sauti, aliuliza tu kama chupa ile bado ipo. Ilikuwepo. Alichota mililita moja, akaitia katika mchuzi wa lishe (kimiminika cha kuoteshea bakteria) usio na chumvi za nyongo, akauweka kwenye inkubeta kwa nyuzi 37 na kuniambia nirudi asubuhi. Asubuhi mchuzi ulikuwa umechafuka kama maji ya kuoshea mchele, yaani bakteria walikuwa hai. Asidi ilikuwa imewajeruhi tu. Nyongo ya MacConkey ndiyo iliyowamalizia sahanini, na mimi nikawaandikia tanzia. Nilirudia kazi ya wiki sita. Tangu hapo huwaotesha kwanza kwenye agari isiyo na vizuizi, nikawaacha saa mbili wapate nguvu, ndipo nimwage MacConkey juu yake.

4. Friji haichinji. Katika juisi yenye asidi, E. coli huishi muda mrefu zaidi kwenye nyuzi 4 kuliko mezani, na mwaka 1996 juisi ya tufaha isiyochemshwa, iliyouzwa ikiwa baridi, iliwafanya watu zaidi ya 60 huko Marekani na Kanada waugue kwa O157:H7, aina hatari ya E. coli, na mtoto mmoja akafariki.

5. Baridi hiyohiyo huwahifadhi pia bakteria rafiki, lakini hesabu inayotakiwa, angalau milioni moja kwa mililita, ni ya siku juisi inaponywewa, wala si ya siku mlipoipandikiza.

Chupa ya yule mwenzenu nimeiweka rafu ya pili ya friji. Kesho saa mbili asubuhi tutaitia kwenye mchuzi, na ukichafuka, chai ni juu yake.